Ukurasa haufunguki? Kumbuka enzi za intaneti kafe

Msimu wa matokeo ya kidato cha sita na maombi ya mikopo ukikaribia, ujumbe ninaopokea kutoka kwa wasomaji wa safu hii hubadilika. Wiki nyingi tunaongea habari za homa za watoto, ada na chakula cha shule, halafu ghafla kila mzazi ananiuliza jambo moja: "Ukurasa haufunguki, nifanyeje?" Wengine wanaongeza kwamba wameshamgombeza kijana kwa kuharibu simu. Wengine wameshampa nauli aende mjini steshenari.

Leo nawajibu wote kwa pamoja, na nitaanzia mbali kidogo. Wengi mnaoniandikia mna miaka arobaini na kitu. Mlipokuwa vijana mlikaa kwenye intaneti kafe, na haya ninayotaka kuyasema mliyajua vizuri kuliko watoto wenu wanavyoyajua leo. Mmeyasahau tu.

Kumbukeni Mwanza ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kafe zilikuwa katikati ya mji, Barabara ya Kenyatta, Barabara ya Nyerere na vichochoro vya pembeni, na baadaye huko Nyegezi kwa wanafunzi wa SAUT. Chumba kimoja, mashine nane au kumi, feni moja inayogeuka kwa uvivu, na mhudumu mwenye daftari anayeandika saa uliyokaa na saa utakayonyanyuka. Unalipia muda. Ukurasa ukifunguka au usifunguke, saa inakwenda, na pesa ni yako.

Laini zenyewe mnazikumbuka. Wenye simu ya TTCL waliunganisha kwa modemu, ile iliyopiga kelele kama redio inayotafuta stesheni. Mtu akinyanyua simu chumba cha pili, mmekatika. Kafe zilizojiweza zilifunga dishi la satelaiti juu ya paa. Satelaiti ile iko angani umbali wa karibu kilomita 36,000. Ombi lako linapanda mpaka kule, linashuka kituo cha nje ya nchi, jibu linapanda tena na kushuka tena Mwanza. Karibu nusu sekunde imeshaliwa na safari peke yake kabla ukurasa haujaanza kuja, na dishi hilo moja linagawanywa na watu kumi. Mvua kubwa ikitokea ziwani, hasa kwa madishi madogo, mnakaa mnatazamana. Hali ilianza kubadilika mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na baadaye nyaya zikafika mikoani.

Katika mazingira yale mtu alijifunza kutafuta chanzo haraka, maana kila dakika ya kubahatisha ililipiwa.

Swali lililosikika zaidi kafe nzima lilikuwa hili: "Kwako inafungua?" Unamgeukia jirani wa mashine ya pili, humjui jina, unamuuliza. Sijaona mpaka leo swali bora kuliko hilo. Kama kwake ukurasa uleule unafunguka, basi laini ni nzima na wenye tovuti ni wazima. Ubaya uko kwenye mashine yako. Kama kwake pia haufunguki, mnajaribu tovuti nyingine. Nyingine ikifunguka, ubaya uko kwa wenye tovuti ile, na hakuna cha kufanya isipokuwa kusubiri. Zote zikigoma, mnamwita mhudumu akaangalie dishi. Maswali mawili, na umeshajua uamke uende nyumbani au ubaki.

Sasa tazama tunavyofanya leo. Ukurasa wa matokeo umegoma, mzazi anazima simu anawasha, anatoa laini anarudisha, ananunua bando jingine, anamshika mtoto sikio. Hajauliza swali la kwanza! Mzazi mwenzangu, fungua kwanza tovuti nyingine yoyote kwenye simu hiyohiyo. Ikifunguka, bando lipo na mtandao upo. Halafu chukua simu ya mtu mwingine mwenye laini ya kampuni tofauti, ufungue ule ukurasa uliogoma. Kama nako umegoma, acha kuhangaika. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, nchi nzima inagonga mlango mmoja kwa saa moja. Hakuna ufundi wa simu utakaokusaidia hapo. Lala, uamke saa kumi alfajiri.

Kuna jambo ambalo kafe haikuwa nalo na sisi tunalo: mtandao wa simu wenye kuyumba. Mwanza ni mji wa mawe. Umesimama barazani, alama za mtandao zimejaa. Umeingia chumba cha nyuma upande wa jabali, imebaki moja. Watu wa Igogo na Mabatini mnajua ninachosema. Kabla hujafungua fomu ya kurasa sita, jua ni kona gani ya nyumba yako mtandao unakaa, na ukae hapo mpaka umalize.

Somo la pili la kafe ni kubonyeza mara moja. Mteja mgeni alibonyeza kiungo, akaona kimya, akabonyeza tena, na tena. Hakujua kwamba kila alipobonyeza upya, programu iliacha ombi la kwanza na kuanza jingine kutoka mwanzo. Aliyebonyeza mara moja na kukunja mikono alifika kabla yake. Kwenye fomu za leo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ombi la kwanza huenda limeshafika hata kama jibu halijarudi, nawe ukibonyeza tena unatuma mara mbili. Fomu ikikwama baada ya kubonyeza "tuma", usirudie. Subiri kidogo, fungua ukurasa mwingine pembeni, ingia kwenye akaunti uone kama taarifa zimepokelewa. Vivyo hivyo kwenye malipo: soma kwanza ujumbe wa kampuni ya simu ujue kama pesa imetoka.

Kisa kingine cha zamani: mtu anafungua gazeti mtandaoni anakuta habari za jana. Anarudi kesho, habari ni zilezile. Wenye kafe, ili kubana matumizi ya dishi, walikuwa na mashine inayotunza nakala za kurasa zilizokwisha kufunguliwa na kuzigawa upya kwa wateja. Programu ya Internet Explorer nayo ilitunza nakala zake. Wajanja walishika kitufe cha Ctrl wakagonga F5, na ukurasa ukaletwa upya kutoka ulikotoka.

Vivinjari vya simu zetu, yaani zile programu za kufungulia kurasa kama Chrome na Opera, bado vinatunza nakala na kumbukumbu. Ndiyo maana kijana anaweza kuambiwa na mwenzake kwamba majina yametoka, yeye akifungua haoni kitu. Ama anajaza neno la siri sahihi, ukurasa unamrudisha palepale mwanzo, kama anayezunguka nguzo.

Kipimo chake ni chepesi. Gusa nukta tatu za juu pembeni mwa kivinjari, chagua dirisha fiche, fungua ukurasa humo. Dirisha hilo linaanza bila zile kumbukumbu za zamani. Ukifunguka humo vizuri, ugonjwa umeujua: ni kumbukumbu zilizochakaa. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari ufute data za tovuti hiyo peke yake. Sishauri kufuta kila kitu kama vijana wengi wa mtaani wanavyofanya kwa kila tatizo. Ukifuta vyote unajitoa kwenye akaunti zako zote, na ukiweka alama penye maneno ya siri unayafuta nayo. Mtu aliyesahau neno la siri la barua pepe miezi sita iliyopita, kisha akafuta kila kitu usiku wa kuamkia siku ya mwisho, hasaidiki kirahisi.

Halafu kuna saa. Wengi hamtaamini. Zile kompyuta za kafe zilikuwa na betri ndogo ya duara ndani, kama ya saa ya mkononi, ya kutunza tarehe umeme ukikatika. Mgawo wa mwaka 2006, umeme ulivyokuwa ukiondoka kila siku, mashine zenye betri iliyokufa ziliwaka zikidhani ziko miaka mingi nyuma. Mteja anafungua barua pepe, anaambiwa ukurasa si salama. Kurasa zinazolinda siri zina hati yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikidhani tuko mwaka mwingine, inaona hati hiyo bado haijaanza kazi. Unarekebisha tarehe, mambo yanakwisha.

Simu iliyokaa wiki mbili bila chaji inaweza kufanya hivyohivyo. Ukiona onyo kwamba muunganisho si salama, angalia tarehe kwanza, uweke ijipange yenyewe kwa mtandao. Kama tarehe ni sahihi na simu ni ya zamani sana, Android ya chini ya toleo la 7.1, huenda haizitambui hati mpya zinazotumiwa na tovuti nyingi. Hapo azima simu nyingine kwa kazi hiyo moja. Na kama tarehe ni sahihi, simu ni mpya, na onyo bado lipo, usijaze neno la siri wala namba ya malipo. Toka.

Kuhusu aina ya kivinjari nitasema kidogo. Miaka ile tovuti nyingi zilitengenezwa zikilenga Internet Explorer toleo la 6, lililotoka mwaka 2001, na Firefox ilipokuja mwaka 2004 baadhi ya fomu ziligoma kufanya kazi humo. Microsoft waliisitisha Internet Explorer Juni 2022, lakini tabia ya ukurasa kukubali kivinjari hiki na kukataa kile haijafa. Opera Mini, ambayo wengi tuliijua kwenye simu za Nokia, inaokoa bando kwa sababu ukurasa unapitia kwanza kwenye kompyuta za Opera na kubanwa kabla ya kukufikia. Kwa kusoma habari ni nzuri sana. Kwa fomu ya kurasa nyingi yenye kupandisha picha na vyeti, mbano ule mkubwa unaweza kuvuruga mambo. Fungua fomu kwa Chrome. Na kiungo ukikikuta ndani ya Facebook, usijaze fomu humohumo. Nakili anwani ukaifungue kwenye kivinjari chenyewe.

Mnakumbuka pia mashine za kafe zilizojaa vibao juu ya kioo, kibao cha kutafutia, kibao cha hali ya hewa, kibao cha kamari, mpaka ukurasa wenyewe unabaki nusu? Viliingia kwa sababu mtu alibonyeza "Ndiyo" bila kusoma, tena vyote viliandikwa Kiingereza. Watoto wetu wanapata toleo jipya la maradhi hayo. Tovuti ya kupakua muziki inauliza kama iruhusiwe kutuma arifa, mtoto anagusa "Ruhusu", na kuanzia siku hiyo simu inatoa matangazo ya picha za aibu au ya kutisha kwamba ina virusi. Mzazi anadhani mtoto anatafuta uchafu usiku. Kabla ya fimbo, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uone tovuti zilizoruhusiwa. Zizime zote. Mara nyingi ni hilo tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Kafe ilikuwa na ubaya mmoja mkubwa. Ukiingia kwenye Yahoo, kidirisha kilijitokeza kukuuliza kama mashine ikukumbukie neno la siri. Mtu mwenye haraka, dakika tano zimebaki, alibonyeza ndiyo. Akasoma barua ya kaka yake aliyeko Muscat au London, akanyanyuka bila kutoka kwenye akaunti. Aliyekaa baada yake alikuta sanduku liko wazi. Wahudumu waaminifu walikuwa wanapita kila mashine kuwafungia wateja akaunti zao. Wengine hawakuwa waaminifu.

Tulidhani ubaya huo umekwisha kila mtu alipopata simu. Umehamia steshenari.

Mama mmoja wa Sengerema aliniandikia mwaka jana. Binti yake alimaliza kidato cha sita, akapelekwa steshenari kufunguliwa akaunti ya maombi ya mkopo. Kijana wa pale alimsaidia vizuri tu. Alimtengenezea barua pepe, akaweka namba yake mwenyewe ya simu kwa kuwa binti hakuwa na laini, akachagua neno la siri, akaliandika kwenye daftari lake la kazi. Ulipofika muda wa kufanya marekebisho, binti alitakiwa kupandisha upya hati moja. Wakaenda, steshenari imefungwa. Kijana amehamia Kahama.

Mama na binti walikaa siku tatu wakifuta data, wakibadilisha simu, wakinunua bando, wakiamini kwamba mtandao unasumbua. Ukurasa ulikuwa unafunguka vizuri kabisa. Waliokuwa nje ya mlango ni wao. Walimpata yule kijana kupitia fundi cherehani wa jirani, zikiwa zimebaki siku mbili, akasoma daftari lake kwenye simu na wakaingia. Nimeshasikia visa vingine vya aina hiyo ambavyo havikuisha hivyo.

Kwa hiyo, mama, baba, shangazi unayelea: kwenda steshenari si kosa, wengine hatuna skana nyumbani. Lakini barua pepe ya mtoto itengenezwe mkononi mwa mtoto, nyumbani, kabla ya kwenda. Namba itakayowekwa iwe ya laini ya familia ambayo inatumika kila siku, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Neno la siri mtoto aliandike mwenyewe kwenye kibodi, kijana wa steshenari akiangalia pembeni. Baada ya kazi, atoke kwenye akaunti mbele yako, na akigoma kutoka mwambie afungue tena ukurasa: ukiingia moja kwa moja bila kuulizwa neno la siri, bado yuko ndani.

Wataalamu watanicheka, lakini mimi nashauri neno la siri liandikwe. Daftari dogo, liwekwe kwenye sanduku lenye vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye sanduku la bibi. Kusahau ndiko kunakofika kila nyumba.

Tena kuna wanaofungua barua pepe mtoto akiwa kidato cha nne, kisha mtoto anakwenda bweni ambako simu ni marufuku. Tangu Desemba 2023 Google wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili. Kila likizo mtoto aingie mara moja, asome hata barua moja, inatosha.

La mwisho ni anwani. Ukurasa wa kweli ukigoma, watu hukimbilia kiungo chochote kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp, na matapeli wanalijua hilo. Taasisi zetu za Serikali zinamalizia na go.tz: Baraza la Mitihani ni necta.go.tz, Bodi ya Mikopo ni heslb.go.tz. Yaangalie maneno ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza. Jina la bodi likiwa mwanzoni na mwisho ukawa kitu kingine, hiyo si yao. Kuangalia matokeo kwenye tovuti ya Baraza ni bure. Anayekutaka utume pesa kidogo ili akuonyeshe namba ya mwanao hana matokeo zaidi yako.

Ambao simu bado inawagomea, niandikieni kupitia ukurasa huu. Nitajieni mambo matatu: aina ya simu, maneno yaliyotokea kwenye kioo herufi kwa herufi (msiniambie tu "inazingua"), na jibu la lile swali la kafe, kwa jirani inafungua?